Kitufe cha Ghorofa ya Tatu na Nusu

Naapa kwa macho yangu haya mawili, lile lenye mtoto wa jicho na lile jingine linaloona mambo ya majirani vizuri kupita kiasi, kwamba kisa hiki ni cha kweli mwanzo mwisho na sijakitia hata punje ya chumvi. Asiyeamini na aje jengoni kwetu, aingie kwenye lifti, atazame vitufe. Kati ya cha tatu na cha nne kuna kingine, cha shaba, kimekaa pembeni kidogo kama mtu aliyechelewa kupata nafasi kwenye benchi. Akibonyeze. Akirudi chini tutazungumza.

Familia ya kisa hiki inakaa ghorofa ya tano. Baba ni fundi wa lifti. Nusu ya lifti za mji huu zimepita mikononi mwake, na ya jengo letu imo. Mama ni mshonaji, na cherehani yake iko chini ya dirisha la sebuleni, mahali ambapo mwanga unakawia kuondoka. Binti yao wa pekee alikuwa na miaka kumi na sita wakati huo, na jengo zima lilimwita Tulia. Hilo si jina alilopewa alipozaliwa. Tangu akiwa mdogo, neno aliloambiwa kuliko maneno yote lilikuwa hilo: tulia mezani, tulia mbele ya wageni, tulia, acha kupepeapepea mikono kama unafukuza nzi. Watoto wenzake wakadhani ndivyo anavyoitwa. Wakamwita hivyo, naye akaitika, maana hakuona tofauti.

Siku mambo yalipoanza walikuwa wanatoka kliniki. Daktari, mwanamke asiye na haraka, alikuwa ameshakutana na Tulia mara kadhaa, akamwonyesha picha na kumwuliza maswali, akawahoji wazazi kuhusu utoto wake. Siku hiyo akawaambia kwamba binti yao ana usonji. Alizaliwa nao. Si ugonjwa, kwa hiyo hapakuwa na dawa ya kuandika. Wasichana wengi, alisema, huchelewa kugundulika kwa sababu hutumia nguvu zao zote kuwaiga wenzao: wanacheka wenzao wanapocheka, wanawatazama watu machoni huku moyoni wanangoja ruhusa ya kuacha.

"Amekuwa kazini tangu darasa la kwanza," daktari alisema. "Bila likizo."

Baba akauliza ni sehemu gani hasa iliyoharibika.

"Hakuna iliyoharibika."

Katika kazi yake baba hajawahi kuitwa mahali ambapo hakuna kilichoharibika, na hakujua mtu huanzia wapi.

"Kwa hiyo sikuwa mkaidi?" Tulia aliuliza.

"Hukuwa."

"Nilipogoma kuvaa sweta la shule?"

"Hukuwa mkaidi."

"Nilipojifungia bafuni siku ya wageni?"

"Hata siku hiyo."

Akaendelea, mwaka baada ya mwaka, kama mtu anayefutiwa mashtaka moja moja, na daktari hakumkatisha. Mama alikuwa anafungua na kufunga zipu ya mkoba wake. Mashtaka mengi yale aliyafungua yeye.

Waliporudi jengoni waliingia kwenye lifti bila mtu kusema neno. Taa ya ndani ilikuwa inavuma kama nzi aliyefungiwa kwenye chupa. Tulia aliziba masikio na kubana paji la uso kwenye ukuta wa bati. Walipoipita ghorofa ya tatu lifti ikasimama, taa ikazimika, na mvumo ukafa.

Kwa mazoea ya kazi, baba akatamka maneno anayowaambia watu wote waliokwama, kwa sauti ileile:

"Tafadhali msiwe na wasiwasi. Msisukume mlango. Fundi yuko njiani."

"Fundi si ndiye wewe?" mama aliuliza gizani.

"Ndiye mimi. Lakini ndivyo inavyosemwa."

Tulia akashusha mikono. "Hapa pazuri," alisema, na mlango ukafunguka wenyewe.

Nje kulikuwa na korido ya saruji, kuta zake zimepakwa rangi ya kijivu hadi usawa wa kiuno. Mwishoni palikuwa na dirisha moja, na mwanga wake ulikuwa ule wa mvua iliyokatika sasa hivi, ingawa mvua haikuwa imenyesha. Kulikuwa na chumba kimoja tu, mlango wazi, ndani meza na kiti. Taa haikuwepo, hivyo hapakuwa na cha kuvuma. Sauti za nje zilifika pale zimechoka. Honi ya lori barabarani ilisikika kama mtu anayekunja gazeti chumba cha pili.

Mama akauliza hapo ni ghorofa gani. Baba alikuwa amepiga magoti anapapasa kizingiti. Sakafu ya lifti na sakafu ya korido zilikuwa sawa kabisa. Hata unywele usingekwama.

"Ya tatu na nusu," alisema. "Aliyesawazisha hapa ni fundi kweli."

Mama akasema basi wakae kidogo, miguu inamuuma. Wakakaa chini, migongo ukutani. Tulia akaingia chumbani, akapepea mikono kadiri alivyotaka, na hakuna aliyemwambia neno lile.

Ghorofa ile haikuwa na masharti makubwa. Lifti ilisimama pale ikiwa Tulia yumo ndani na wenzake wamenyamaza. Mtu akikohoa, ilipitiliza. Ngazi hazikufika. Jengo halikuongezeka urefu, na mwanamke wa ghorofa ya nne alichosema ni kwamba siku hizi sakafu yake ina ubaridi mzuri. Tulia akitoka shule alishukia huko, akakaa mpaka ile shule yote imtoke mwilini, kisha akapanda nyumbani akiwa mtu wa kuzungumza naye. Wakaanza kusikia kicheko chake mwenyewe, ambacho kilikuwa kinachelewa kidogo kuliko vya wengine, na kilikuwa kikubwa.

Nyumbani nako wazazi walijitahidi, kila mmoja kwa alichokijua. Vidole vya mama, vilivyokuwa vikimfinya chini ya meza ili awatazame wageni, sasa vilifumua lebo kwenye nguo zote. Kisha akaanza kumshonea nguo zenye mishono nje, upande laini ukigusa ngozi. Baba, binti akijifungia, hakugonga tena wala kutisha. Alikaa nje ya mlango na kusema yale maneno yake ya kazini, na yeye Tulia aliyapenda kwa kuwa hayakubadilika hata siku moja. Mlango ulifunguka ulipotaka kufunguka.

Aliyekataa kubadilika ni shangazi, dada yake baba, aliyekuja kila Jumapili na bangili zake.

"Usonji, usonji! Siku hizi kila kitu kina jina," alisema akimimina chai. "Sisi huyu tungesema mpole. Basi."

"Dada, wewe ulikuwa unamwita mkaidi," mama alisema.

"Mkaidi mpole. Wapo. Na hiyo nguo, jamani, mtoto kaivaa ndani nje!"

"Ndani yake iko nje kwako, Shangazi," Tulia alisema. "Kwangu iko ndani."

"Umesikia anavyojibu? Huyu mzima kuliko mimi."

"Na bangili zako zinaniumiza meno."

Shangazi akazitazama bangili, akamtazama kaka yake, akasubiri binti akemewe. Hakukemewa. Shangazi akanywa chai kwa mkono mmoja, ule mwingine kaushikilia mapajani ili bangili zisilie, na hilo kwake lilikuwa jambo kubwa ingawa aliapa kuwa ni baridi yabisi.

Basi mambo yangekuwa hivyo, lakini mtihani wa mwisho ulikuwa unakaribia. Mtihani huu, akiukosa, anarudia mwaka mzima katika madawati yaleyale. Ulikuwa unafanyiwa kwenye ukumbi wa shule, wanafunzi wote pamoja, na kwenye ule wa majaribio Tulia alikuwa ametoka ukumbini karatasi yake haina kitu zaidi ya jina na shimo alilolichimba kwa kalamu. Majibu aliyajua. Jioni yake, kule ghorofa ya tatu na nusu, aliyaandika yote bila kukwama. Daktari akashauri afanyie mtihani kwenye chumba chake peke yake, chenye utulivu. Wazazi wakaenda kwa mwalimu mkuu.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu mwema aliyebanwa. Aliwakaribisha kwenye ofisi aliyokuwa anagawana na mashine ya fotokopi, na kila alipotaka kuzungumza ilibidi angoje mashine imalize.

"Wazazi wangu, chumba sina," alisema. "Mnaona wenyewe nilivyokaa. Halafu huyu binti namfahamu. Ana adabu, anasalimia, ananitazama machoni. Mimi namwona wa kawaida kabisa."

"Ndiyo, Mwalimu," mama alisema. "Hiyo ndiyo kazi inayomchosha."

Mashine ikatapika karatasi. Wakangoja.

"Chumba tunacho sisi," baba alisema. "Jengoni kwetu. Ghorofa ya tatu na nusu."

Mwalimu mkuu hakupepesa jicho. Alikuwa ameshasikia wazazi wakisema makubwa kuliko hilo. "Kinafikika?" aliuliza.

"Kivipi?"

"Kanuni zinataka msimamizi akifikie chumba cha mtihani mwenyewe, wakati wowote, bila kusindikizwa na mtahiniwa wala jamaa zake. Kama kinafikika, nitakuja kukikagua. Kama hakifikiki, ukumbi upo."

Wakarudi nyumbani na jambo hilo. Kusema kweli, lilikuwa linamkera baba tangu siku ya kwanza. Fundi wa lifti haachi ghorofa bila kitufe. Kwake hiyo ni kama daktari kumshona mgonjwa na mkasi ndani. Mtu akipatwa na jambo huko, atakayemwokoa atafikaje? Na yeye binti yake yuko huko kila siku, peke yake, mahali ambapo pasipo yeye mwenyewe kuwa ndani ya lifti hapafikiki. Wakati mwingine mama alitaka kumpelekea chai, akazunguka na lifti juu chini, kimya, kikombe mkononi, isisimame.

"Nitaweka kitufe," baba alisema mezani.

"Usiweke," Tulia alisema.

"Ni kwa ajili ya mtihani, mwanangu."

"Ukiweka, watakuja."

"Akina nani?"

"Watu."

"Watu wana ghorofa zao. Kule wana shida gani nako?"

Tulia alifikiri muda mrefu. Alikuwa mtu wa kukaa na swali mpaka alimalize, na hapo ndipo wengi walipodhani hajasikia.

"Baba, kile chumba kimekaa vizuri kwa sababu hakuna aliyeitwa kule."

"Sijaelewa."

"Najua."

Mama akamtazama mumewe, kisha binti. Alitaka kusema kitu, lakini mtihani ulikuwa mbele yao kama ukuta, na mlango ulioonekana ni mmoja tu. Jumamosi ile baba akafungua ubao wa vitufe, akavuta waya, akafunga kitufe cha shaba alichokichonga mwenyewe. Hakuandika namba juu yake. Alidhani hiyo inatosha kuwa ni siri.

Wa kwanza kukibonyeza walikuwa watoto, maana watoto hubonyeza vyote. Wakashuka, wakapiga kelele kusikia mwangwi, hawakuusikia, wakaona hapana raha, wakaondoka. Lakini kelele zao hazikuondoka. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba sauti ikiingizwa kwenye ghorofa ile haina pa kutokea. Zile za nje zilifika zimechoka na kufa njiani. Zilizoletwa ndani zilibaki. Jioni Tulia alipofika alizikuta zimejikunja pembeni mwa korido, bado zinapiga ukunga, kwa chini kidogo. Akachukua ufagio wa mama, akazisukumia kwenye lifti, akazishusha hadi chini. Aliweza, kwa kuwa zilikuwa chache.

Kisha akaja mwenyekiti wa wapangaji. Alitembea korido nzima mikono nyuma.

"Hii ghorofa nani anaifagia?" aliuliza.

"Mimi," Tulia alisema kutoka chumbani.

"Safi. Endelea."

Jirani mmoja akaleta jokofu bovu, la siku mbili tu, alisema. Mwingine akaleta godoro. Baiskeli zikafuata. Halafu mwenyekiti akagundua kwamba pale mkutano wa wapangaji unaweza kufanyika bila watu kupigiana kelele, maana kila neno linasikika, na kwa sababu hiyo kila mtu akasema maneno mengi. Wote waliusifia ukimya wa pale. Waliusifia kwa sauti, wakiitana waje kuusikia. "Jamani, njooni, hapa pametulia balaa!" Baada ya mkutano waliondoka, na mkutano ukabaki. Hoja ya maji ilikuwa bado inajadiliwa kwenye korido wiki iliyofuata, na asiyejua angeweza kuingia na kuchangia.

Mama akashona mapazia mazito, akayajaza pamba, akayatundika kwenye mlango wa chumba. Sauti zikapita chini. Akashona mto mrefu wa kuziba chini ya mlango. Zikapita kwenye tundu la ufunguo. Tulia alikaa katikati ya chumba, mbali na kuta zote, vitabu mapajani, na siku baada ya siku ile nafasi ya katikati ikazidi kuwa ndogo.

"Kitoe," mama alimwambia mumewe.

Baba akakitoa. Lifti ikaendelea kusimama pale kwa wote, kwa kuwa ilikuwa imeshazoea. Na kesho yake akaja mwenye jengo, aliyekuwa amesikia habari. Alipima korido kwa futi ya kamba, akapima na chumba, Tulia akiwa ndani yake.

"Samahani, binti, inua miguu kidogo." Akamgeukia baba. "Fundi, rudisha kitufe changu."

"Ni changu. Nilikichonga mimi."

"Ghorofa ni ya nani?"

"Ghorofa ilikuja kwa ajili ya mtoto wangu," baba alisema.

"Sawa, ilikuja. Ikaja wapi?" mwenye jengo aliuliza bila ubaya wowote. "Si ndani ya jengo langu?"

Baba akatazama kizingiti kile kilichosawazishwa kuliko vizingiti vyote alivyowahi kuviona. Kitufe kikarudishwa.

Mwalimu mkuu alikuja kukagua kama alivyoahidi. Alibonyeza mwenyewe, akafika mwenyewe, bila kusindikizwa. Siku hiyo mama na Tulia walikuwa wamefagia tangu asubuhi, na zile sauti walizoshindwa kuzitoa walizibana ndani ya jokofu bovu na kulifunga kwa kamba. Mwalimu mkuu alisimama dirishani, akafumba macho. Alikaa hivyo kwa muda, mabega yakamshuka. Nadhani tangu ile mashine iletwe ofisini kwake hakuwa amesikia pumzi zake mwenyewe.

"Pazuri mno," alisema taratibu. "Pazuri mno, mno. Mwenye jengo ni nani?"

Mama akamwambia. Alidhani anauliza kwa ajili ya kibali.

Shule ilikuwa na wanafunzi wengi kuliko madarasa, na kwa muda mrefu ilikuwa inatafuta mahali pa kuweka masomo ya ziada. Wiki iliyofuata wakapandisha madawati kwa lifti. Walimu wakapokezana korido nzima na kile chumba, na kila somo lililofundishwa likabaki ukutani pamoja na la kabla yake. Wanafunzi wakawa wanasoma historia juu ya hesabu. Hakuna aliyelalamika. Walisema ukizoea, unasikia lako.

Baba alikwenda shuleni amevaa nguo za kazi.

"Mwalimu, ulisema ukikagua kikafaa, binti yangu atafanyia mtihani pale."

"Nilisema, na kimefaa," mwalimu mkuu alisema. Alingoja mashine imalize. "Tatizo ni kwamba kwa sasa kinatumika."

"Na nyinyi."

"Na watoto, Mzee. Wengi. Nitoe wengi nimweke mmoja?" Aliuliza kwa uchungu wa kweli, akakunja mikono juu ya meza. "Lakini ukumbi upo. Tutamweka mstari wa mbele."

Asubuhi ya mtihani ilipofika, lilitokea jambo. Mwenyekiti wa wapangaji aliamka kabla ya wote, akapanda ngazi akigonga kila mlango kwa ukucha mmoja, na wapangaji wote wakatoka wamevua viatu. Mwenye jokofu akabeba jokofu lake. Walimu wa masomo ya ziada wakainua madawati yao bila kuyakokota. Mwanamke wa ghorofa ya nne akashusha pazia lake, na mkutano ule wa maji, na hesabu, na historia, na vilio vya watoto, vyote vikapanga foleni kwenye korido, vikaingia kwenye lifti, vikateremka na kutoka mlango mkubwa kwenda zao barabarani. Mwalimu mkuu mwenyewe akaleta bahasha ya mtihani. Tulia akaketi mezani, nguo yake ina mishono nje, mwanga wa mvua iliyokatika ukiwa begani kwake, akajibu swali la kwanza hadi la mwisho bila kuinua kichwa. Alipotoka, jengo zima lilikuwa kwenye korido. Hawakupiga makofi. Walipepea mikono hewani, kimya, kama anavyopepea yeye, shangazi akiwa mbele yao wote, bangili kaziacha nyumbani. Akafaulu. Na huo ndio mwisho.

Nimemsomea Tulia haya yote leo mchana. Amekuja kukaa kwangu, mimi jirani yao wa ghorofa ya tatu, maana kwao shangazi yupo na ghorofa ya tatu na nusu ni zamu ya kemia. Alisikiliza akiwa amenipa mgongo, akitazama ukuta, ndivyo anavyosikiliza vizuri. Nilipomaliza alikaa na maneno yangu kwa muda.

"Babu, siku hiyo nilikuwa ukumbini," alisema.

"Najua, mjukuu wangu, lakini hadithi..."

"Mwenyekiti hakugonga mlango wowote. Alikuwa amelala. Wewe pia ulikuwa umelala."

"Nilikuwa naumwa goti."

"Ulikuwa umelala. Andika nilivyokuwa ukumbini."

Nikamwambia aseme, niandike. Alisema hivi, na sikubadilisha:

"Walinikalisha mstari wa mbele. Taa zilikuwa zinavuma. Aliyekuwa nyuma yangu alikuwa anabofya kalamu. Nilijibu swali la kwanza. La pili nililisoma, likaisha, nikalisoma tena. Nikaziba masikio. Msimamizi akaja akasema nitoe mikono, aone kama nimeficha kifaa. Nikatoa. Akasema niiweke mezani isitoke mezani. Nikaiweka. Ikakataa. Nikasimama. Kanuni inasema ukisimama bila ruhusa umemaliza. Nikawaambia sijamaliza. Wakasema umemaliza. Baba alikuwa getini. Hakuniuliza kitu. Tulipofika jengoni tulipanda ngazi."

"Na mwakani?" nikauliza.

"Mwakani ukumbi uleule. Mama ameshauliza."

Nikajaribu kumwambia kwamba huenda wakabadilika, kwamba watu si wabaya, kwamba hata mwalimu mkuu usiku halali kwa kufikiria.

"Hayo nayo unajua au unatunga?"

Nikasema natunga.

"Basi ulipie ulichotunga," alisema.

"Nilipe nini? Mstaafu mimi, sina kitu."

"Unazo kelele."

Hapo alinipata. Nina redio inayosema peke yake tangu asubuhi, nina saa ya ukutani inayogongagonga, bomba la jikoni linalodondosha, na nina mdomo huu. Nikazima redio. Nikatoa betri kwenye saa. Nikakaza bomba, na lilipokataa nikaweka kitambaa chini yake. Yeye akakokota kiti hadi katikati ya chumba, mbali na kuta zote, akaketi. Juu yetu madawati ya masomo ya ziada yalikuwa yanakokotwa, na hilo sina uwezo nalo.

Nikamwuliza, kwa kunong'ona, ninyamaze mpaka lini.

Akasema atanijulisha. Tena amesema hata hii kalamu inakwaruza.